Mgombea wangu hayumo: niliyoyapata kwenye duru ya pili ya umeya wa Chicago

Usiku wa tarehe 28 Februari 2023 nilirudi nyumbani miguu imekufa ganzi kwa baridi, mkononi nina boksi la vipeperushi kama mia mbili ambavyo havikuwa na kazi tena. Mgombea umeya niliyemhangaikia tangu Novemba alikuwa ameshaanguka. Mume wangu alinifungulia mlango, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Pole. Angalau sasa utalala." Nikamjibu, "Yameisha."

Wapi! Yalikuwa yamebaki majuma matano kamili, na makosa yangu mengi niliyafanya ndani ya majuma hayo. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu waswahili wanaoishi kwenye miji ya namna hii, hasa waliokula kiapo cha uraia juzijuzi na wana hamu ya kushiriki. Hamu ninaijua. Ilinipeleka mbio hata nikasahau kusoma kanuni.

Nimezaliwa Tanzania, raia wa Marekani tangu 2021, mkazi wa Edgewater, kaskazini mwa Chicago karibu na ziwa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi. Nilikotoka, meya huchaguliwa na madiwani, na urais, tangu katiba ilipobadilishwa mwaka 2000, huchukuliwa na aliyepata kura nyingi kuliko wenzake hata zisipofika nusu. Kichwani mwangu basi uchaguzi ni siku moja: watu wanapanga foleni, kura zinahesabiwa, mmoja anacheka na wengine wananuna. Wenzetu Wakenya wana nafuu kidogo, maana ile nusu na zaidi wanaisikia kila uchaguzi wa rais, ingawa duru ya pili yenyewe hawajawahi kuifikia.

Chicago nayo zamani haikuwa hivi. Mwaka 1983 Harold Washington aliwapita Jane Byrne, aliyekuwa meya, na Richard Daley kwenye mchujo wa chama cha Democratic akiwa na asilimia kama 36 tu, kisha akashinda uchaguzi wenyewe na kuwa meya wa kwanza Mweusi wa jiji hili. Nilijisomea mtihani wa uraia kwenye maktaba kuu ya mjini inayobeba jina lake, na wala sikujua kwamba kwa kanuni za leo asilimia 36 ingempeleka duru ya pili. Sheria ya jimbo ilibadilishwa mwaka 1995 na ikaanza kutumika 1999. Tangu hapo karatasi ya umeya haina vyama, na asiyevuka nusu ya kura hapewi ofisi; wawili wa juu wanarudi kupambana. Mwaka 2015 Rahm Emanuel, aliyekuwa meya, alirudishwa akakutana na Jesús García. Mwaka 2019 walianza 14, wakabaki Lori Lightfoot na Toni Preckwinkle. Kwa hiyo 2023 ilikuwa mara ya tatu mfululizo, na mtu yeyote aliyeuliza mwenyeji mmoja tu angejua kwamba wagombea tisa hawawezi kumalizana siku moja. Mimi sikuuliza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mfukoni. Kuanzia Novemba hadi Februari niliacha zamu sita, nne kati ya hizo zikiwa za Jumamosi zinazolipa zaidi. Nikanunua viatu vya theluji kwa sababu vile vya zamani vilikuwa vinaingiza maji. Nikatia mafuta kwenye gari kuzungusha watu ambao hata hawakuwa wapiga kura. Likizo yangu yote ya mwaka niliikata vipande vipande nikaimaliza kabla ya mwezi wa tatu. Tarehe 4 Aprili, siku ya duru ya pili, sikuwa na hata saa moja ya likizo iliyobaki. Nilitoka kazini saa moja asubuhi nikaingia mitaani bila kulala. Mwenye akili angegawa nguvu zake mafungu mawili tangu mwanzo: nusu kwa Februari, nusu aiweke akiba. Na kama mgombea wake akianguka, ile akiba bado ni yake, ataamua mwenyewe aitumieje.

Gharama nyingine haina risiti. Mume wangu hakugomba. Aliacha tu kuniuliza ninarudi saa ngapi. Anayenielewa amenielewa.

Sasa matokeo ya Februari. Paul Vallas, aliyewahi kuongoza shule za umma za jiji, alipata karibu asilimia 33. Brandon Johnson, kamishna wa kaunti ya Cook na mwalimu wa zamani, alipata kama 22. Lightfoot, meya aliyekuwa madarakani, alitoka wa tatu na asilimia 17 hivi. Meya aliyechaguliwa na wananchi kuangushwa akigombea tena lilikuwa jambo ambalo jiji halijaliona tangu huyo Byrne wa 1983. García alipata kama 14, Willie Wilson kama 9, na waliobaki wakagawana makombo. Mgombea wangu alikuwa mmoja wa wale saba waliotolewa. Simtaji, kwa kuwa habari hii haimhusu yeye, na aliyonikosea yeye si mengi kuliko niliyojikosea mimi.

Jumlisha wawili wa juu: asilimia 55. Maana yake ni kwamba katika kila watu 20 waliopiga kura, 9 walibaki bila mtu. Tulikuwa yatima wa kura. Na yatima, kama mjuavyo, kila mtu anajidai ni mjomba wake.

Simu zilianza siku ya tatu. Ya kwanza ilitoka kwa kijana wa kujitolea wa mmoja wa wale wawili. Alikuwa na karatasi yake ya maneno, akaisoma vizuri, kisha akaongeza la kwake: kwamba mgombea wangu hata hivyo asingeshinda, kwa hiyo nisipoteze kura yangu mara ya pili. Nilimkatia. Mtu umeamka usingizini saa nane mchana, bado una kidonda, halafu anakuja asiyekujua kukwambia kidonda chenyewe ulijitakia! Nilisusa. Kwa siku 12 sikufungua redio ya habari, na shemeji yangu aliponiuliza nitamchagua nani nilimwambia siasa za watu haziniingizii chakula.

Simu ya pili ilikuja nikiwa kituo cha treni cha Bryn Mawr nasubiri Red Line. Dada mmoja wa makamo, sauti ya uchovu. Akajitambulisha yuko upande gani, akaniuliza ninafahamu kwamba kuna duru ya pili, nikasema ndiyo. Halafu akauliza, "Yule wako wa mwanzo, ulimpendea nini hasa?" Treni ilipita nikaiacha. Nilimweleza habari za kodi ya nyumba yetu, habari za wagonjwa wanaosubiri basi saa kumi na moja alfajiri kwenye theluji, mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza hata kwenye kampeni niliyokuwa ndani yake. Hakuniahidi kitu. Alinieleza mgombea wake amesema nini kuhusu hayo mawili, akakiri kwamba moja hakuliafiki yeye mwenyewe, akaniaga.

Kama utajitolea kupiga simu au kugonga milango kwenye duru ya pili, chukua hilo swali la yule dada utupe karatasi nzima. Duru ya kwanza unatafuta wanaokupenda. Duru ya pili unazungumza na watu ambao tayari walikuangalia wakachagua mwingine, na hawajasahau kwamba walichagua mwingine. Ukianza na mgombea wako, umeshamkosa mtu. Anza na wa kwake.

Wakubwa nao waligawana. García akamuunga mkono Johnson. Wilson akaenda kwa Vallas. Kwenye televisheni walihesabu asilimia zao kana kwamba ni magunia yanayohamishwa ghala hadi ghala. Kwenye jengo letu la ghorofa nne nawajua watatu waliompa García Februari. Mmoja alimfuata alikoelekeza, mwingine akaenda upande wa pili, na wa tatu hakwenda kabisa. Sidai kwamba jengo moja ni jiji. Nasema tu nilipowauliza, hakuna aliyekuwa akisubiri aelekezwe.

Kilichonirudisha barabarani ni mama mmoja wa Kikongo, mtu wa Bukavu, tunayefahamiana kwa sababu binti yake alifanya kazi na mimi. Februari nilimsindikiza kupiga kura yake ya kwanza tangu awe raia. Alivaa kitenge kipya chini ya koti. Katikati ya Machi akanipigia.

"Bwana asifiwe, dada."

"Amina, mama. Habari za siku?"

"Nzuri. Dada, nimeletewa karatasi ya habari za kura kwa posta. Ni ya kusema twende tena. Si tulikwenda?"

"Tulikwenda, mama. Hii ni ya pili."

"Waliipoteza ile ya kwanza?"

Sikucheka, ingawa baadaye nilicheka peke yangu jikoni. Swali lake lilikuwa la maana kuliko yote niliyosikia kwenye kampeni. Miezi minne niliyozunguka nikigawa vipeperushi, hakuna hata mtu mmoja niliyemwambia kwamba huenda tukarudi Aprili. Niliona nikimtaja mtu duru ya pili nitakuwa namvunja moyo mgombea wangu, kana kwamba nakubali hatashinda moja kwa moja. Matokeo yake niliwaacha watu wakiamini wamemaliza kazi. Nilipoanza kuwapigia wale niliokuwa na namba zao, zaidi ya nusu walidhani kura ya Februari inahesabiwa mpaka mwisho. Wengine walidhani ni waliopiga Februari tu wanaoruhusiwa kurudi. Mzee mmoja alidhani kinyume chake, kwamba aliyepiga haruhusiwi tena kwa sababu jina lake limeshakatwa kwenye daftari.

Niliwajibu hivi, na kila mmoja nilimwambia mara mbili. Duru ya pili ni uchaguzi mpya. Kura yako ya mwanzo imekwisha kazi, haihami kwenda kwa yeyote. Kama umejiandikisha, hujiandikishi upya, isipokuwa kama umehama. Kama Februari hukupiga, Aprili unapiga; hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Na kama hukuwa umejiandikisha kabisa, Illinois inakuruhusu kujiandikisha na kupiga kura papo hapo, hata siku yenyewe ya uchaguzi, ukija na vitambulisho viwili, kimoja chenye anwani unayoishi sasa. Barua ya umeme au ya benki inatosha kwa hicho cha anwani.

Hapo kwenye kuandikisha ndipo nilipokaribia kufanya jambo ambalo hadi leo likinijia usiku nafungua dirisha.

Jioni moja tulikuwa sebuleni kwa rafiki yangu, wanawake wanne, tunapanga nani ampigie nani. Akaingia kijana, mpwa wa mwenye nyumba, mchangamfu, anafanya kazi ghalani, amekaa nchi hii miaka sita. Nikamuuliza kama amejiandikisha, akasema hapana. Nikamkabidhi fomu na kalamu. Alikuwa ameshaandika jina na anaanza tarehe ya kuzaliwa, rafiki yangu akatoka jikoni na sinia la chai, akaangalia mezani, akaweka sinia chini kwa kishindo.

"Wewe, huyu ana grini kadi!"

Mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi nchini bila uraia, hapigi kura ya meya Chicago. Asiye raia akitia tiki kwamba ni raia ili ajiandikishe, huo ni uongo kuhusu uraia mbele ya sheria ya Marekani, na unaweza kumfukuzisha nchini hata kama alidanganywa na shangazi mwenye nia njema aliyeshika kalamu. Miaka sita ya kijana ingekwenda na maji kwa fomu ya ukurasa mmoja. Tuliichana ile karatasi vipande vidogo. Yeye alicheka, mimi nilikwenda chooni nikanawa uso.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa yeyote, hata mtu mzima mwenye nyumba na biashara, ni "Umeshakula kiapo?" Simuulizi kama ana makaratasi, maana kila mtu ana makaratasi ya namna yake. Namuuliza kiapo. Na anayekwenda kuchukua leseni ya udereva namwambia asome kila swali kabla ya kusema ndiyo, maana kujiandikisha kupiga kura huulizwa pia huko.

Ya posta nitayapitia haraka. Bahasha lazima itiwe saini na mwenyewe, na saini ifanane na ile waliyonayo. Baba mmoja wa jirani aliweka karatasi ndani, akagundisha bahasha, akasahau saini. Alitumiwa taarifa akaenda kurekebisha, lakini watu wangapi hufungua barua za serikali siku hiyohiyo? Muhuri wa posta usizidi siku ya uchaguzi. Ikiwa umewahi, kura inaweza kufika hadi siku 14 baadaye na ikahesabiwa. Mimi mwenyewe siipendi posta. Kwenye vituo vya kura ya mapema kuna masanduku ya kutumbukizia bahasha, nenda ukaitumbukize kwa mkono wako.

Kura ya mapema ndiyo iliyotuokoa sisi wa zamu. Wiki mbili na ushei kabla ya siku yenyewe vituo vilikuwa wazi katika kila kata kati ya kata 50, na mkazi wa Chicago anaweza kuingia kituo chochote kati ya hivyo, si lazima cha kwao. Hilo wengi hawalijui. Mtu anakaa Rogers Park, anafanya kazi mjini, anadhani lazima awahi kurudi kaskazini, kumbe kituo kiko hatua chache kutoka ofisini kwake.

Jumamosi moja ya mwisho wa Machi nikampeleka mama wa Bukavu. Na hapa nikafanya jingine. Kwenye koti langu kulikuwa na beji ya yule mgombea wangu wa Februari, niliisahau tangu wakati ule. Msimamizi, mama wa Kizungu mwenye miwani shingoni, akatusimamisha mlangoni akaninyooshea kidole kifuani. Nikamwambia huyu hata hayumo tena kwenye karatasi. Akasema ndani ya futi 100 hakuna kampeni, ya aliyemo wala asiyekuwemo. Nikaivua nikaitia mfukoni. Ilinichoma kidole, damu kidogo, na mama wa Bukavu akatafuta kitambaa kwenye mkoba wake huku foleni yote ikitutazama.

Mama husoma Kiswahili na Kifaransa kidogo. Karatasi zilikuwepo kwa Kihispania, Kichina, Kihindi, Kipolandi na nyinginezo, Kiswahili sikukiona. Lakini mtu asiyeweza kusoma karatasi anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Tulijaza fomu ya kiapo, tukasaini, tukaingia wote wawili.

Akaikunjua karatasi. Akaitazama. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Wengine wako wapi?"

"Ni hawa wawili tu, mama."

"Na yule wangu?"

"Alitolewa mwezi wa pili."

Alinyamaza. Kidole chake kilikuwa kinapita polepole chini ya majina, kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye tangazo la matokeo ya mtihani. Kata yetu ya 48 ilikuwa na duru ya pili ya diwani pia, moja kati ya kata 14 zilizorudi, kwa hiyo chini kulikuwa na majina mengine mawili. Akayaangalia na hayo.

"Basi kura yangu walitupa."

Sikuwa na jibu lililotayarishwa. Nilitaka sana kumwambia nani ampe, maana wakati huo nilishaamua wa kwangu, na ulimi ulikuwa umefika kwenye meno. Msaidizi hafanyi hivyo. Unasoma kilichoandikwa, unaonyesha mahali pa kutia alama, unafunga mdomo. Nikamwambia tu kwamba asipoandika kitu, mmoja wa hawa wawili atachaguliwa kwa kura za watu wengine. Akafikiri muda mrefu hivi kwamba msimamizi akatukoholea. Kisha akatia alama, akafunika kwa kiganja mimi nisione, ingawa fomu iliniruhusu kuona. Hadi leo sijui alimpa nani.

Tarehe 4 Aprili ilikuwa Jumanne, katikati ya Ramadhani, juma la Pasaka kwa Wakristo, na shule za umma zimefungwa kwa likizo. Ukitaka kuchagua siku ya kuwasahaulisha watu uchaguzi, usingepata bora. Vituo hufungwa saa moja usiku, na Magharibi ilikuwa ikiingia saa moja na dakika kama ishirini. Kwa hiyo saa za jioni, ambazo wafanyakazi wote huzitegemea, zilikuwa saa za mtu aliyefunga akikimbilia jikoni. Hili tulilikosea kupanga. Tuliwapigia watu simu saa kumi na moja na nusu na kila mmoja alikuwa anakaanga kitu. Sauti ya mafuta niliisikia kwenye kila simu. Waliokwenda ni wale tuliowakumbusha siku mbili tatu kabla waende asubuhi baada ya daku, maana vituo hufunguliwa saa kumi na mbili.

Kugonga milango nako kwenye majengo ya huku si kugonga. Ni kubonyeza kengele chini na kubishana na spika iliyokufa. Katika kila kengele kumi ziliitika mbili. Nilichojifunza ni kumtafuta mtu mmoja anayeishi ndani, akugongee ghorofa yake yeye mwenyewe. Bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, kwa slipa zake, alitoa watu kumi na moja kwa dakika arobaini. Mimi na vipeperushi vyangu sikuwahi kufika hapo kwa siku nzima.

Saa kumi na mbili na nusu jioni kijana mmoja akanipigia akiwa kituoni: amehama kutoka Uptown, kitambulisho kina anwani ya zamani, wamemwambia alete kingine. Nikamwambia afungue simu atafute bili ya umeme, na asitoke kwenye foleni kwa lolote, kwa kuwa aliye kwenye foleni saa moja ikigonga bado anapiga kura. Alipiga saa moja na dakika kumi na tano. Nilifuturu tende mbili kwenye gari, nikaenda kazini.

Matokeo niliyapata kwenye chumba cha mapumziko, nimeegemea mashine ya kahawa. Vallas alikubali kushindwa usiku uleule. Kura za posta ziliendelea kuhesabiwa siku zilizofuata, na mwishowe Johnson alisimama kwenye asilimia 52 na Vallas 48, tofauti ya kura kama 26,000 katika jiji lote. Vallas alikuwa amemzidi mwenzake kwa fedha na kwa kura za duru ya kwanza. Ninachowaonyesha wenzangu ni hiki: Vallas alitoka kura karibu 186,000 akafika 293,000, Johnson alitoka 122,000 akafika zaidi ya 319,000. Aliyeanza nyuma aliokota yatima wengi zaidi. Na bado, kati ya wapiga kura walioandikishwa, hata 4 kati ya 10 hawakutimia.

Nilimpa nani nitakaa nalo. Wapo ninaowapenda pande zote mbili, na kuna harusi mwezi wa nane.

Watu huniuliza kama duru ya pili ni upotevu wa fedha. Nikiwa nimechoka nasema ndiyo. Lakini yule dada wa simu asingenipigia kama mwenye asilimia 33 angekabidhiwa ufunguo usiku wa Februari. Asingekuwa na haja ya kujua nilimpendea nini mtu wangu.

Vipeperushi mia mbili vilikaa kwenye buti ya gari hadi Mei. Mwanangu alivitumia upande wa nyuma kuchorea, na ukiingia jikoni kwetu utakuta dinosaria kwenye friji, na nyuma yake uso wa mwanasiasa anayetabasamu.

Siku kadhaa baada ya Johnson kuapishwa tarehe 15 Mei, mama wa Bukavu akanipigia. Tukasalimiana, tukaulizana watoto, mvua, magoti yake.

"Dada, na ya tatu ni lini?"

"Hakuna ya tatu, mama. Hadi 2027."

"Tarehe ngapi?"

Nikamwambia 23 Februari.

"Hiyo ni ya kwanza," akasema. "Niambie na ile nyingine." Nikasikia droo ikifunguliwa, kalamu ikitafutwa, na mtu akiambiwa kwa Kiswahili cha kwao apunguze televisheni. "Haya, sema polepole."

"Sita Aprili," nikasema.